Toleo la Tatu Halina Utani

Asubuhi ile kompyuta ilipomkatalia paswodi yake, Kituko alicheka mpaka akajishika tumbo. Binamu huyu! Wiki iliyopita yeye ndiye aliyebandika karatasi chini ya mausi ya kompyuta ya binamu, mwenzake akahangaika nayo mpaka mchana akidhani imekufa. Leo ni zamu yake kulipwa.

Ndivyo walivyofanya kazi wale wawili. Ukifanyiwa vituko huulizi, hununi. Unakaa kimya mpaka mwenyewe aseme "nimekupata". Ukiuliza kwanza, umeshindwa, na utachekwa mwezi mzima. Basi Kituko akavuta kiti cha pembeni, akakaa kimya, akajisikia mjanja.

Chumba chao kilikuwa juu ya karakana ya ushonaji, sakafu inatetemeka kutwa kwa vyerehani. Humo walijenga injini ya gemu, ile mitambo isiyoonekana inayokaa chini ya gemu: inawasha taa, inachora vivuli, inaamua mtu akiruka atue wapi. Binamu, mtoto wa shangazi yake, alishika mwanga na picha. Kituko alishika uzito, yaani kila kinachoanguka, kinachogongana, kinachobingirika. Kwa ajili ya uzito huo aliacha chuo mwaka wa pili, akamwambia mama yake anapumzika kidogo. Alirusha ndoo, viatu na mabegi kwenye ngazi huku anarekodi kwa simu, ajue kila kimoja kinavyodunda. Fundi wa chini alishamzoea. "Leo unaangusha nini, mwanangu? Mradi usituangushie nyumba."

Wageni walifika kabla jua halijawa kali, watengenezaji gemu watatu waliotaka kulitazama toleo la tatu la injini kabla ya kulichukua. Binamu alikuwa amechomekea shati. Kituko akajua kituko cha leo si cha kitoto.

Toleo lenyewe lilikuwa moto. Vivuli vya zamani vilikuwa na meno kama msumeno. Hivi vilikuwa laini, jua likihama navyo vinahama. Maji yalionyesha daraja lililo juu yake. Mtaa mzima ulifunguka papo hapo, wakati zamani ungeweza kushuka ukanunua sabuni ukarudi bado unafunguka. Na simu iliyoliendesha haikuchemka hata kidogo.

"Na hapa," binamu akasema bila kumtazama, "mfumo wa uzito wa zamani tumeutoa wote. Tumeweka mpya."

Akabonyeza. Mlima wa masanduku ukaporomoka. Hakuna hata moja lililozama sakafuni, ugonjwa ambao Kituko alihangaika nao tangu siku ya kwanza. Sanduku moja likabingirika hadi ukingoni, likasita kama linajifikiria, likaanguka.

Lilianguka vizuri kuliko yake.

Kituko akapiga makofi kuliko wote. Mtoto wa shangazi kaua! Kutengeneza mfumo mzima kwa ajili ya kumtania mtu! Akasubiri lile neno.

Mgeni mmoja, mama mwenye miwani, akamgeukia. "Na wewe hapa unashughulika na nini?"

Kituko akafungua mdomo. Binamu akamuwahi. "Huyu ndiye anayetuchekesha."

Wageni wakacheka. Kituko naye akacheka. Kicheko kilimtoka tu, kama chafya.

Walipoondoka, akangoja mpaka vishindo vyao vikaisha ngazini. Binamu alikuwa anakunja waya, akaukunjua, akaukunja tena.

"Haya, sema," Kituko akasema.

"Niseme nini?"

"Umenipata. Nimeuliza, nimeshindwa. Sema basi!"

"Si utani, binamu." Akauweka waya mezani. "Kuna jamaa anaujua uzito vizuri. Tumeujenga naye humu humu, wewe ukishaondoka."

"Ungeniambia."

"Ungekataa. Tungegombana mbele ya watu."

"Na leo je? Umeniweka pale mbele kabisa, hukuogopa?"

"Nilijua utacheka. Tangu asubuhi nilijua hutauliza."

Hapo Kituko akakaa juu ya meza. Mfumo angeuachia. Kwa jinsi sanduku lile lilivyoanguka, angenuna siku mbili halafu mwenyewe angeomba kufundishwa. Lakini huyu kachukua mchezo wao, uliowalea pamoja tangu sebuleni kwa shangazi, akamziba nao mdomo.

"Usinune bwana," binamu akasema. "Nafasi yako ipo. Kuna kujaribu gemu, kuongea na wateja. Watu wanakupenda."

"Na kwenye injini?"

Binamu akauchukua tena ule waya.

"Sawa," Kituko akasema, mdomo wake ukitafuta njia uliyoizoea. "Na kesho nikija nitaingia, au kufuli nalo lina toleo jipya?"

Binamu hakucheka. Alitazama mlango, kisha vidole vyake.

"Fundi wa kufuli anakuja jioni," akasema.