Spika Mbili na Kiti Kimoja

Mpima ardhi alipoleta nyumbani spika mbili zenye kimo cha mtoto wa darasa la kwanza, mkewe alimpa pole ya kuzibeba. Hakujua kwamba pole hiyo angeihitaji yeye.

Sebule yao ilikuwa ya kila mtu. Watoto walifanyia humo kazi za shule, mama yao alishonea humo nguo za wateja, cherehani ikiwa dirishani, na babu yao, mzee mwenye masikio mazito, alitazama humo habari za runinga huku akiuliza kila mara, "Kasemaje?" Mpima ardhi akaiangalia sebule hiyo kwa huruma ya mtaalamu. Akawaeleza kwamba spika na msikilizaji sharti wafanye pembetatu yenye pande sawa, la sivyo muziki unapotea njia. Familia iliyosikiliza muziki miaka yote bila kujua kuwa umepotea ikanyamaza kwa adabu.

Kazi ikaanza. Kochi lilitolewa ukutani likawekwa katikati ya chumba, anayekwenda jikoni akawa hana budi kulizunguka. Kabati la vyombo likahamia chumba cha watoto. Cherehani ikapelekwa koridoni, maana mtikisiko wake, eti, ulichafua besi. Mpima akavuta kamba, akabandika utepe mwekundu sakafuni mahali pa kila spika, akatangaza kwamba atakayezigusa hata kwa ufagio atamtambua. Mwishowe ikabainika, kwa mahesabu yasiyopingika, kwamba sauti kamili inafika sehemu moja tu ya kochi, na kwamba sehemu hiyo, kwa bahati tu, ndipo anapokaa yeye.

"Hongera, baba watoto," mkewe akamwambia. "Umejenga nyumba upya bila hata tofali."

Mpima akashukuru. Kejeli haikuwa miongoni mwa vitu alivyojua kupima.

Jumamosi alasiri aliwaita wote waje wasikie maajabu. Alipokwenda kutafuta rimoti, baba yake akaingia na mkongojo, akaona ile sehemu ya kochi iko wazi, akaketi. Mpima akarudi akasimama kama nguzo. Nani amwinue mzazi wake kitini? Akawasha runinga aliyoiunganisha na spika, huku akimwomba Mungu mzee ashikwe na kiu.

Mtangazaji akaanza kusoma habari. Watoto wakasubiri "Kasemaje?" Haikuja. Mzee aliinamisha kichwa, akasikiliza kwa muda, kisha akasema taratibu, "Kumbe huyu kijana ana kithembe."

Wote walikuwa wamemtazama mtangazaji huyo pamoja naye miaka na miaka.

"Punguza kidogo," mzee akamwambia mwanawe. "Mbona mnapigiana kelele humu ndani?"

Mpima ardhi akapunguza. Akavuta kigoda cha jikoni, akaketi mlangoni, mahali ambapo, kwa mahesabu yake mwenyewe, spika ya kushoto ilikuwa kama haipo. Mkewe akamwona anavyomtazama babaye, na kwa mara ya kwanza tangu spika ziingie akakosa neno la kumchoma.

Hata hivyo hakuwa malaika. Alikwenda koridoni, akaisukuma cherehani mpaka dirishani, ikaukanyaga utepe mwekundu kando ya spika. Mumewe akafungua kinywa.

"Nyamaza, mwanangu," mzee akasema. "Tunasikiliza."