Kura Moja ya Ndiyo

Kwa miaka kumi na tisa Sista Ottilia alifundisha darasa la tatu akiwa na shela kichwani. Asubuhi ile ya Septemba 1948 alisimama mbele ya watoto amevaa gauni la buluu lililoagizwa kwa posta, kichwa wazi, akaona aibu kana kwamba yuko uchi. Hakuna mtoto aliyecheka, na hilo ndilo lililomuuma zaidi, maana watoto wale hucheka hata mazishini.

Mwezi Juni watu wa Dakota Kaskazini, jimbo la Marekani, walipiga kura: je, walimu wa shule za serikali wakatazwe kuvaa mavazi ya dini? Wengi wakasema ndiyo. Wakuu wa Kanisa wakawaruhusu masista wavae kiraia ili watoto wasiachwe bila walimu.

Kijijini kwao, kwenye Wajerumani Wakatoliki watupu, Hapana zilikuwa mia moja na arobaini. Ndiyo ilikuwa moja. Nani alihitaji kuuliza ni ya nani? Engen mwenye duka ndiye Mlutheri pekee pale. Aliapa kwamba siye yeye, wakamcheka. Tangu siku hiyo hakuna aliyenunua kwake hata kiberiti. Watu hao hao waliokuwa wakilia kwamba wanaonewa kwa ajili ya dini yao!

Mchana, watoto walipokwisha kutawanyika, akaingia baba yake, mzee Kasper Wangler, na keki ya krimu ndani ya kitambaa. Akavua kofia.

"Samahani, mama. Sista Ottilia nitampata wapi?"

"Tumsifu Yesu Kristu, Baba."

Mzee aliduwaa. "Milele amina," akajibu polepole. "Mvi zote hizo, Sista? Zimeota lini?" Tangu binti aweke nadhiri, mzee hakuwahi kumwita jina lake la utotoni hata siku moja.

"Zilikuwepo, Baba. Ulikuwa huzioni tu."

Mzee akajibana kwenye kidawati cha mtoto, magoti juu. "Yule Engen, mshenzi yule! Wiki iliyopita nilitema mate mlangoni kwake, mkewe anaona. Lakini mimi nilikupigania, Sista. Kiingereza chao sikijui, ila padre alisema tuwatetee masista. Nikamuuliza karani wa kura, Ndiyo iko wapi? Akanionyesha. Nikaweka alama kubwa, karatasi ikataka kuchanika!"

"Ndiyo, Baba?"

"Sasa niseme hapana kwa binti yangu? Nimechanganyikiwa?"

Sista Ottilia aligeukia ubao, akaanza kufuta mahali ambapo palikuwa safi. Baba yake alikuwa na miaka sabini na minane. Kama yeye angenyamaza, mzee angekula keki yake na kufa na fahari yake. Moyo wake wote ulitaka kunyamaza. Lakini alimkumbuka mke wa Engen, anayepita njia ya nyuma ili asikutane na watu.

Akachuchumaa kando ya kidawati, akaushika mkono wa baba yake.

"Baba, swali lilikuwa kama masista wakatazwe. Aliyesema Ndiyo alisema wakatazwe."

Mzee alimtazama, kisha akaitazama keki. Midomo yake ilihesabu bila sauti.

"Na hapa ilikuwa moja," akasema.

"Moja, Baba. Jimbo zima lilitushinda kwa maelfu. Yako haikubadilisha chochote."

Hakumsikia. Aliinua mkono, akazigusa nywele za binti yake.

"Rosina," akasema. "Ni mimi niliyekuvua?"

Alilia kama mtoto, na Sista Ottilia akalia naye. Kisha mzee akainuka, akaichukua ile keki, akatoka bila kuvaa kofia. Kupitia dirishani binti yake alimwona akivuka barabara kuelekea kwa Engen, akapanda ngazi, akagonga.

Kisha akagonga tena. Engen na mkewe walikuwa wamehama tangu Jumamosi, na watu wote kijijini walijua isipokuwa mzee na binti yake.