Rudieni

Wanafunzi walimwita Rudieni, na walimu wenzake wakalidaka jina hilo, lakini wa kulitamka mbele yake alikuwa mmoja tu: wifi yake. Jina lilitokana na kazi. Mwalimu huyu alikuwa akiingia darasa la mtihani anasema sentensi moja ya Kiingereza, anasema "rudieni", na watoto wanairudia kwa sauti mpaka darasa la jirani haliwezi kusoma. Na walikuwa wakifaulu, hilo tusimnyime. Mtihani ulikuwa wa kuchagua majibu, na majibu alikuwa ameshawalisha.

Wifi yake, mke wa mdogo wake wa kiume, alihamishiwa shule hiyo hiyo, tena kufundisha somo hilo hilo. Damu zao hazikupatana tangu siku ya kwanza ya ndoa ile, na sasa ilibidi watazamane kila asubuhi katika chumba cha walimu, meza zao zikiwa zimegusana. Salamu zilitolewa kwa sababu watu walikuwa wanasikiliza.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba," Rudieni anajibu, macho yakiwa kwenye kikombe.

Halafu ikaja amri kutoka juu kwamba Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza kitupu: kuamuru, kuuliza, kusifu, hata kukemea. Akaletwa mkufunzi, mwanamume mwembamba mwenye upole unaokera, akawaweka walimu wote katika darasa moja siku ya mapumziko. Mpango wake ulikuwa rahisi. Mmoja anasimama ubaoni kufundisha, wengine wanakaa kwenye madawati na kufanya kile ambacho watoto wangefanya. Mwalimu anayeteleza akasema Kiswahili akiwa ubaoni, zamu yake imekwisha. Na mwalimu mkuu, ambaye hajawahi kuona moto asiuchochee, akaongeza lake: kati ya hawa mawifi wawili, atakayefanya vizuri atapewa darasa la mtihani, na mwenzake atateremka kwa watoto wanaojifunza kushika penseli.

Darasa la mtihani lilikuwa la Rudieni. Ndilo lililowafanya wazazi wamsimamishe njiani kumshukuru, ndilo lililomfanya aamke na magoti yake yanayouma. Kumpa mtu mwingine kungekuwa vibaya. Kumpa yule, afadhali angemeza wembe.

Wifi ndiye aliyeanza. Rudieni akajibana kwenye dawati la mbele, akaamua kuwa mtoto mtukutu kuliko wote aliowahi kuwafundisha. Mchezo ulikuwa halali, mkufunzi mwenyewe karuhusu. Akadondosha kalamu. Akaomba ruhusa ya kwenda chooni, akarudi, akaomba tena. Wifi alipoinua picha ya nyumba na kuuliza nani anakaa ndani, Rudieni alijikuna kichwa, akajibu kwa Kiswahili cha kudeka:

"Mi sijui, mwalimu. Sijawahi kualikwa."

Walimu wakaangua kicheko. Mwalimu wa hesabu alicheka mpaka akapiga dawati ngumi.

Wifi hakucheka wala hakukasirika. Aliinama mbele ya dawati lile, akazungumza Kiingereza cha polepole, maneno mafupi mafupi, mkono ukionyesha kila anachokisema, vile anavyosemeshwa mtoto mzito. Kwenu mnakaa wangapi? Nani anapika? Nani anafunga mlango? Akangoja jibu. Akaendelea kungoja. Kicheko kikaisha kidogo kidogo, maana sasa mtoto mtukutu alitakiwa aseme kitu, na mwanamke mzima aliyekuwa ndani ya utoto ule hakuwa na la kusema. Maswali yenyewe alikuwa ameelewa nusu. Akatabasamu kana kwamba bado anaigiza.

"Haya, usijali, pumzika," wifi alimwambia, bado kwa Kiingereza, na hilo Rudieni alilielewa vizuri kabisa. Lilimchoma. Angetukanwa, angejua pa kuanzia.

Zamu ilipokwisha wifi alipita karibu na sikio lake.

"Sasa ni wewe, Rudieni. Nitakuwa mtoto mzuri mpaka ushangae."

"Thubutu uone."

"Haya, tutaona."

Rudieni akasimama ubaoni. Somo lake alikuwa amelikariri nyumbani mbele ya kioo, neno kwa neno, pamoja na mahali pa kutabasamu. Hata ile amri ya kurudia alikuwa amejifunza kuisema kwa Kiingereza. Akasema sentensi ya kwanza, ya mkulima anayeamka mapema, akaamuru warudie. Wakarudia vizuri, na sauti ya wifi ilikuwa juu ya zote, mgongo umenyooka, mikono imekunjwa juu ya dawati. Sentensi ya pili ikapita hivyo hivyo. Rudieni akaanza kupumua.

Kisha akasema kwa Kiingereza, "vizuri sana," kwa sababu mkufunzi alikuwa amefundisha kwamba watoto wasifiwe.

"Vizuri sana," wifi akarudia kwa Kiingereza kile kile, macho yametulia kabisa.

Wawili watatu wakamfuata. Rudieni akadhani wamekosea. Akasema hapana, siyo hilo.

"Hapana, siyo hilo," likajibu darasa, na safari hii walikuwa wengi.

Hapo walimu wakaung'amua mchezo na kuuvamia kwa furaha, kwa sababu ndivyo walivyo watoto wa Rudieni. Wamezoeshwa kurudia, basi wanarudia mpaka kikohozi. Hakuna aliyeweza kusema anaonewa. Akasema kimya. Wakasema kimya. Akasema acheni. Wakasema acheni. Akapiga ubao kwa kiganja, nao wakapiga madawati. Mwalimu wa hesabu alikuwa na meno yote nje, mwalimu mkuu ameziba mdomo kwa leso, na mkufunzi anaandika tu.

Kwa Kiswahili Rudieni angewanyamazisha kwa neno moja, tena wangejuta. Kwa Kiingereza akiba yake ilikuwa hizo amri chache, na zote zilikuwa zimeshamrudia usoni. Aliwachukia wote waliokuwa mle ndani, mmoja baada ya mwingine, na kumchukia wifi mara mbili. Mkufunzi akainua kichwa.

"Waulize swali, mwalimu. Lakini liwe swali lako mwenyewe, la kitu usichokijua. Hilo watalijibu."

Swali la kitu asichokijua. Miaka yote alikuwa anauliza maswali ambayo jibu lake liko tayari ubaoni. Alitafuta kichwani, mkulima na sentensi zake zote wakamtoroka, akabaki na jambo moja ambalo kweli alitaka kulijua. Akayakokota maneno ya Kiingereza moja moja, bila kujali yamepangana au hayakupangana, akimtazama wifi usoni.

"Kwa nini unanichukia?"

"Kwa nini unanichukia?" darasa likarudia kwa shangwe, kisha likasikia lilichokisema, na sauti za mwisho mwisho zikafia kooni.

Wifi peke yake alikuwa bado hajarudia. Alikunjua mikono, akasimama kutoka kwenye dawati, na utoto wote ukamtoka.

"Kwa nini unanichukia?" akasema naye, kwa Kiingereza kile kile kilichopinda, bila kurekebisha hata neno. Na yeye alikuwa anauliza.

Rudieni akashika ukingo wa ubao. Jibu alikuwa nalo, tena tele, ila halikuwa katika lugha ile. Alijua kwamba akifungua mdomo kwa Kiswahili darasa la mtihani limekwenda. Alimwona mkufunzi anangoja, kalamu iko juu.

"Kwa sababu ulinijua," akasema kwa Kiswahili, na mwalimu mkuu akaishusha leso. "Tangu ndoa tulikuwa hatupatani tu. Siku yako ya kwanza shuleni hapa ulisimama dirishani nikifundisha, ukaona kwamba hiki Kiingereza sikijui. Nikakuona unaona. Basi kila asubuhi unanipa shikamoo, unajua, unanyamaza. Ungenivuta pembeni, wifi. Ungenitukana hata. Wewe ukaniwekea siku yenye watu."

Hakuna aliyerudia.

"Darasa lichukue," akaendelea. "Lakini kwangu usikanyage."

"Kwako nimekanyaga lini?" Wifi hakuinua sauti. "Jioni ya siku ile ile nilikuja. Nina mtoto mgongoni, nina vitabu vyangu mkononi, nikasema tutakaa wawili, tutasoma, nani atajua? Nikapiga hodi mpaka mtoto akaamka. Nakusikia ndani unamwambia mumeo anyamaze, nikichoka nitaondoka. Basi nilichoka, wifi."

Mkufunzi alifunga kalamu yake. Rudieni alibaki ameshika ubao, kwa sababu hodi ile aliikumbuka vizuri. Wifi alipoondoka mlangoni, yeye ndani alikuwa amecheka.