Sailensa Zilizovikwa Ngozi ya Mbuzi

Mwaka 1994 mambo yote yalikuwa ruksa, na mjini Dodoma kila mwenye ufunguo wa gari na karatasi yenye nembo alikuwa mkurugenzi. Bwana Fredy naye akawa mkurugenzi. Kabla ya hapo alikuwa karani serikalini. Alipopunguzwa kazini akafungua, kwa hasira, kampuni ya kulinda mashamba dhidi ya nguruwe pori. Kulenga shabaha hakujua. Jembe alikuwa amelishika mara ya mwisho akiwa darasa la tano, na nguruwe mwenyewe alimfahamu kwa kusimuliwa. Hayo yote hayakumzuia. Alikuwa na vibali sita, bunduki sita, na neno moja alilolitamka mara nyingi kuliko jina la mkewe: ushindani.

Bunduki hizo zilitunzwa na Mzee Bartolomayo, ambaye naye alikuwa na neno lake: kanuni. Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Ujanani alibeba magunia ya karanga mchana, na jioni akaenda shule ya watu wazima kujifunza ufundi wa vyuma na kemia kidogo. Miaka minne. Katika miaka hiyo alisinzia darasani mara mbili tu, na mara zote mbili alimwomba mwalimu radhi kwa maandishi. Cheti chake kilitundikwa karakanani, usawa wa macho, mahali ambapo mtu yeyote aliyekuja kuazima bisibisi alilazimika kukisoma.

Fahari ya karakana ile ilikuwa sailensa sita. Sailensa ni bomba la chuma, refu kama shubiri na nusu, linalokazwa mdomoni mwa bunduki ili mlio upungue. Watu wa mjini walipozisikia walidhani ni mambo ya majambazi, wakaanza kumsalimia Bartolomayo kwa heshima asiyoizoea. Sababu yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Ukimpiga nguruwe mmoja kwa mlio wa kawaida, wenzake kumi na wanne wanahamia shamba la jirani, na ng'ombe wa kijiji kizima wanavunja zizi. Kisha kijiji kizima kinakuja kwako.

Tatizo la sailensa ni ngozi yake, yaani uso wa chuma, maana chuma kitupu hakidumu. Inapata moto wa baruti, inapoa haraka, inatoka jasho kwa ndani na kwa nje, na wapigaji, wale wanaobeba bunduki za kampuni, wanaitupa nyuma ya gari kama mchi. Bartolomayo alikuwa na dawa yake. Alipaka asidi iliyozimuliwa, akaacha chuma kishike kutu kidogo, akakichemsha mpaka wekundu ukageuka weusi, akasugua kwa brashi ya waya laini, kisha akaanza upya. Mara saba kwa siku saba. Mwisho oili. Na maji ya kuchemshia yalikuwa ya mvua, aliyoyakinga kwenye pipa lenye kufuli, kwa sababu maji ya visima vya Dodoma yana chumvi. Jambo hilo alimhubiria kila mtu. Hata mgeni aliyekuja na habari za msiba aliondoka akijua kwamba chumvi ndiyo adui wa chuma.

Ndipo alipokuja Cecilia.

Cecilia alikuwa na miaka ishirini na sita na stashahada ya chuo cha ufundi. Bwana Fredy alimleta pamoja na tanuri dogo la umeme na makopo ya rangi kutoka nje, rangi ya kupuliziwa kisha kuokwa. Kopo lilisema rangi itadumu miaka kumi.

"Shikamoo mzee," alisema Cecilia.

"Marahaba mwanangu. Nasikia umekuja kuoka."

"Ndiyo mzee. Inaokwa saa moja, imekwisha."

"Saa moja. Hata mkate wa kumimina unataka adabu zaidi ya hapo."

Bwana Fredy alifurahi kuona wanachokozana, akaliita neno lake likaja mbio. Kutakuwa na ushindani. Sailensa tatu zitapakwa weusi na mzee, tatu rangi na binti. Zote zitakwenda mashambani upande wa Chamwino msimu mzima wa mvua, kuanzia Januari mpaka Aprili, wakati mtama na uwele vinapowavuta nguruwe. Mwisho wa msimu zitakaguliwa mbele ya wateja. Atakayeshinda atabaki na karakana.

"Na atakayeshindwa?" aliuliza Bartolomayo.

"Mzee wangu, umefanya kazi kubwa," alisema Bwana Fredy kwa upole. "Pumziko nalo ni haki ya mtu."

Bartolomayo alielewa. Kwa miaka thelathini na mitano mikono yake ilikuwa imenuka oili, na sasa alikuwa anatishiwa pumziko kama mtu anayetishiwa jela.

Alifanya kazi yake vizuri kuliko siku zote. Mara tisa badala ya saba. Zilipokwisha, sailensa zake tatu zilikuwa nyeusi kama jicho la ng'ombe, na yeyote aliyezitazama alijiona amesimama ndani yake, mwembamba. Hapo ndipo akili ilipomzidi. Aliwaza hivi: kinachoondoa weusi ni kusuguliwa. Miiba inasugua, chuma cha gari kinasugua, na vidole vya wapigaji navyo vinasugua. Basi kitu kisichoguswa hakiwezi kuchakaa. Aliandika hoja hiyo kwenye daftari, akaisoma mara mbili, akaona haina kasoro. Akamwita Sila.

Sila alikuwa kiongozi wa wapigaji, Mgogo wa Chamwino, mfugaji aliyekubali bunduki ili apate kuwalinda mbuzi wake kwa gharama ya mtu mwingine.

"Nataka ala tatu za ngozi," Bartolomayo alimwambia. "Zishike chuma barabara. Ngozi ya mbuzi, iliyokaushwa vizuri. Isioze, isinuke, hata mvua inyeshe vipi."

"Isioze kabisa?"

"Kabisa."

"Haya fundi. Umepata," alisema Sila.

Akazileta wiki ile ile, zimeshonwa kwa uzi wa kano, manyoya yamebaki nje, moja nyeupe na mbili za madoa. Cecilia alipoziona alisimama mlangoni akiwa ameshika kiuno.

"Mzee, hatukukubaliana kuzivalisha."

"Hatukukubaliana zitembee uchi pia."

"Chuma kinahitaji hewa. Kikilowa ndani humo kitakaukaje?"

"Mwanangu," alisema Bartolomayo, akanyoosha kidole kwenye cheti, "mimi nilisoma mambo ya hewa wewe hujazaliwa."

Cecilia alirudi kwenye tanuri lake. Alikuwa amelelewa vizuri, na hiyo ndiyo hasara ya malezi mema.

Msimu ukaenda. Mvua ilinyesha kama inalipiza kisasi, na nguruwe wakaja kama walioalikwa. Kila Jumamosi wapigaji walirudi mjini, na kila Jumamosi Bartolomayo alizipanga sailensa mezani. Zile za Cecilia zilikuwa zinaonekana zilikotoka. Miiba ilikuwa imezichora mistari, na mdomoni, panapotokea moto, rangi ilikuwa imepauka ikawa kama majivu.

"Miaka kumi," Bartolomayo alisema, akizungusha moja kidoleni. "Nadhani kopo lilihesabu miaka ya panzi."

Cecilia alizifungua, akazipangusa zikiwa bado na uvuguvugu, akaandika alama kwenye karatasi. Za mzee hazikufunguliwa. Sila alizisifu kwamba haziunguzi mikono. Manyoya yalikuwa yamepata vumbi kidogo, basi. Bartolomayo aliyapiga brashi kwa upendo, akazirudisha sailensa kabatini zilivyo, zikiwa na unyevu wa shambani. Kufungua kungekuwa kukosa imani na hoja.

Siku moja kabla ya ukaguzi, saa nne asubuhi, aliona ni vyema sasa azivue nguo, azipake oili, wageni wazione zinavyometa. Akavuta ala ya kwanza. Haikutoka. Akavuta tena. Ngozi ilikuwa imeshikana na chuma kama wana udugu. Akachukua kisu, akakata uzi kidogo kidogo, akaifunua.

Alikaa kwenye kiti.

Weusi ulikuwa umekwisha. Chuma kilikuwa chekundu kama barabara ya Chamwino wakati wa kiangazi, na kwenye wekundu ule kulikuwa na vishimo, vingine vyenye kina cha kuingia ncha ya sindano. Akafungua ya pili. Ya tatu alichungulia tu. Kisha akagusa upande wa ndani wa ngozi kwa kidole, akakilamba. Akatuma Sila aitwe.

"Hii ngozi uliikausha na nini?"

Sila alimtazama kama mtu anayeulizwa maji huchemshwa na nini. "Na chumvi, fundi. Chumvi ya kule Bahi. Nilipaka nyingi, siku sita. Ulisema isioze kabisa."

"Chumvi."

"Huku kwetu ngozi isiyooza inakaushwa na nini kingine? Si umeishi hapa maisha yako yote?"

"Hukujua kwamba chumvi inakula chuma?"

"Nilijua. Umenihubiria mimi mara ngapi?" Sila alikaa juu ya pipa la mvua. "Nilidhani na wewe unajua. Mtu mwenye cheti, nikuulize mimi?"

Bartolomayo alikitazama cheti chake ukutani. Alikuwa amekinga mvua kwa kufuli mwaka hadi mwaka ili chumvi isiguse chuma chake, kisha yeye mwenyewe, kwa hoja iliyoandikwa vizuri, akakivisha chumvi chuma hicho hicho na kukifungia nayo miezi minne, kilowe humo jasho lote la mvua.

"Siku saba zingenitosha kuzirudisha," alisema taratibu. "Vishimo vingebaki, lakini weusi ungerudi. Nina siku moja."

"Zishone tena," Sila alisema. "Nitakusaidia. Bwana Fredy hafungui kitu. Yule hajawahi kufungua hata boneti ya gari lake. Ukishinda kesho, kesho kutwa unaanza kuzitengeneza polepole, na kazi yako unayo."

Walizishona. Bartolomayo alishika upande mmoja, Sila akapitisha uzi.

Siku ya ukaguzi palikuwa na meza yenye kitambaa cha kijani, soda, na wateja sita wakiongozwa na Bwana Methusela, mwenye shamba kubwa la zabibu. Bwana Fredy alivaa tai. Alitazama sailensa za Cecilia, akaona mikwaruzo, akafanya uso wa huzuni uliokuwa umeandaliwa. Cecilia alieleza kwamba chini ya mikwaruzo chuma ni kizima, kwamba mdomoni panahitaji rangi ya moto zaidi, na kwamba amepima kila wiki. Bwana Fredy alitikisa kichwa katikati ya maelezo na kuhamia upande wa pili.

Hapo uso wake ukachangamka. Aliinua ile yenye ngozi nyeupe, akaipapasa manyoya.

"Waheshimiwa, hii sasa ndiyo bidhaa. Ya kisasa, lakini ina asili yetu. Haina hata mkwaruzo mmoja. Msimu mzima wa mvua, tazameni." Akampa Bwana Methusela, naye akaipapasa kwa kidole, kwa heshima. "Ushindani umesema. Mzee Bartolomayo ndiye fundi wetu. Na zote sita zivalishwe hivi."

Watu wakapiga makofi. Cecilia naye alipiga, mara mbili, akaanza kukusanya karatasi zake.

Sila alimkonyeza Bartolomayo. Mambo yalikuwa yamekwisha, na alichotakiwa ni kutabasamu tu. Akajaribu. Lakini kitu kilikuwa kinamkera, na hakikuwa dhamiri. Dhamiri angeweza kuelewana nayo. Ilikuwa ni yale makofi. Miaka minne ya shule ya jioni, thelathini na mitano ya kazi, halafu mtu mwenye tai anamtangaza kuwa fundi kwa kupapasa mbuzi.

"Mkurugenzi," alisema. "Umeangalia nini?"

"Nimeangalia kazi yako, mzee."

"Hujaiangalia. Kazi iko ndani."

"Mzee, imetosha. Umeshinda."

"Nipe."

Alikata uzi pale pale mezani, akavua ngozi na kuiweka kando, akalaza chuma juu ya kitambaa cha kijani. Unga mwekundu ulimwagika kuelekea kwenye soda. Akaifungua na ya pili. Ya tatu alimpa Cecilia, naye akaifungua mwenyewe.

Bwana Methusela aliinama, akatazama vishimo, kisha akatazama zile zilizokwaruzwa.

"Mimi nguruwe wangu hawaangalii rangi," alisema. "Hii itapiga mwakani?"

"Hii hapana," alisema Bartolomayo. "Zile za binti, ndiyo."

Bwana Fredy alimvuta pembeni. Hakuwa na hasira na kutu hata kidogo. "Lakini kwa nini umefungua?" alinong'ona. "Nani alikuuliza? Nilishakupa ushindi. Nilishakupa mbele za watu."

"Ndiyo maana nimefungua."

"Basi nenda kapumzike, mzee. Mimi sikuwezi."

Mchana huo alikabidhi ufunguo wa karakana. Cecilia aliupokea kwa mikono miwili, akawa hajui pa kuuweka. Bartolomayo aliteremsha cheti ukutani, akakifunga kwa gazeti, kisha akarudi mezani na kumsukumia Cecilia daftari la matunzo.

"Andika. Ifunguliwe kila irudipo, ipanguswe ingali na uvuguvugu, ikae wazi, isifunikwe na kitu."

Cecilia aliandika.

"Na Bwana Fredy akisema azivalishe?"

"Atasema. Ndiyo maana unaandika. Sasa andika kwamba mwaka huu sailensa tatu ziliharibika kwa kufungiwa ndani ya ngozi iliyokaushwa na chumvi, na kwamba wazo hilo lilikuwa la fundi mkuu."

Cecilia alisita. "Si lazima nitaje mtu, mzee. Niandike tu kwamba ziliharibika."

"Ziliharibika zenyewe? Zilitembea zikaenda Bahi?" Alivaa miwani, akasimama nyuma ya bega lake. "Andika jina. Na la baba yangu pia, wasije wakadhani ni Bartolomayo mwingine."