Mtetemeko Chini ya Kiti cha Mama Mkwe

Mama mkwe alifika gereji asubuhi, akazima injini, na badala ya kushuka akageuka kutafuta kitu nyuma ya kiti. Alitoa kistuli cha plastiki, kimoja cha vile vya kukalia wakati wa kufua, akakiteremsha chini kwa kamba, akakipapasa kwa ncha ya mguu huku mkono umeng'ang'ania mlango. Alipokanyaga ardhi alishusha pumzi.

"Shikamoo, mama," alisema mke wa mwanawe, akijifuta grisi viganjani.

"Marahaba, mwanangu. Gari hili linanitetemesha mpaka meno."

Mke huyo wa mwanawe ndiye aliyekuwa fundi mwenye gereji. Wateja walimbandika jina la Sikio, kwa sababu aliweza kusimama kando ya barabara, gari likapita, akakwambia ni beringi ya gurudumu lipi inayolia. Kistuli alikiona. Lakini hakikumwingia akilini, maana masikio yalikuwa yameshatangulia kazini.

"Linatetemeka likiwa kwenye mwendo gani?"

"Nikianza kukoleza tu. Nikipunguza, linatulia. Zamani halikuwa hivi." Mama mkwe aliangalia pembeni. "Kabla ya ile zawadi, halikuwa hivi kabisa."

Sikio alikunja uso. Zawadi ile ilikuwa ya mume wake. Mama mkwe alikuwa mkunga mstaafu, na bado alikuwa akizunguka na gari lake kuukuu la porini kuwaona wajawazito wa upande wa pili wa vilima, huko ambako barabara ni jina tu. Siku alipostaafu, mwanawe wa pekee, mpiga picha wa harusi, aliliiba gari hilo kwa wiki nzima na kulipeleka kwa fundi mwingine, ili iwe siri hata kwa mkewe. Liliporudi lilikuwa limefungwa springi ndefu na matairi mapana, limeinuka kama limeshtuliwa usingizini. Mama alilitazama kutoka chini hadi juu, akatokwa na machozi. Mwanawe aliyanasa yale machozi kwa kamera, na picha yake, kubwa kama mlango, ikatundikwa studio ili kila mteja aingiaye aone mama mwenye furaha anavyokuwa.

"Mama, zawadi haina kosa," alisema Sikio kwa upole wa mtu anayelinda ndoa. "Huenda ni matairi tu."

"Huenda," alisema mama mkwe, na sauti yake ikaanguka. "Ila wewe chunguza vizuri. Ukikuta ni zile springi, usinifiche. Mimi nitavumilia. Zitolewe tu."

Sikio alisikia lawama katika maneno hayo. Ama kweli, alijisemea, mama mkwe ni mama mkwe. Kapewa zawadi ya kifalme, anatafuta dosari.

Jioni alimweleza mumewe kwamba gari la mama limeingia gereji. Mpiga picha aliweka kijiko chini.

"Usiniambie ni springi."

"Sijasema ni springi."

"Maana mama analipenda vile lilivyo. Ulimwona alivyolia. Mtu mzima halii ovyo, mke wangu."

"Nimekwambia sijasema."

"Basi sawa. Tafuta kingine."

Kumwambia fundi atafute kingine ni kama kumwambia daktari kwamba mgonjwa asiwe na malaria. Hata hivyo Sikio alilala na nia njema. Asubuhi alilitoa gari kwenye barabara ya vumbi nje ya mji, akakoleza mwendo, na mtetemeko ukaja: mzito, wa kuunguruma, kama mtu anayeburuta meza kwenye chumba cha juu. Alishika usukani kwa vidole viwili. Usukani ulikuwa mtulivu. Kilichokuwa kikitetemeka ni kiti, na sakafu chini ya kiti. Hapo moyo ukamshuka kidogo, kwa sababu magurudumu ya mbele yakiwa na tatizo husemea mikononi, na ya nyuma husemea makalioni.

Alitoa gia gari likiwa bado linakimbia, injini ikabaki kunguruma chinichini. Mtetemeko ulipungua lakini haukuisha. Kwa hiyo injini haikuwa na hatia. Alirudi gereji akahamisha matairi, ya nyuma mbele, ya mbele nyuma, akatoka tena. Mtetemeko ulikuwa palepale, chini ya kiti, haukuhama hata shibiri. Mteja mwingine angekwisha kusikia jibu. Lakini huyu hakuwa mteja, alikuwa mama wa mume, na Sikio akaendelea kutafuta mshtakiwa mwingine kwa bidii ambayo hata yeye mwenyewe ilimshangaza.

Alilipandisha gari juu ya stendi, akaingia chini. Akaikamata propela, ule mhimili mrefu unaotoka kwenye giaboksi kwenda kuzungusha magurudumu ya nyuma, akaitikisa kwa nguvu zake zote. Alitamani krosi, vile viungo vya ncha zake, zicheze. Krosi iliyokwisha ingekuwa zawadi kwake. Hazikucheza. Alitazama kama propela imepinda au imedondosha kile kipande cha chuma kinachochomelewa kuisawazisha. Ilikuwa nyoofu, na kipande kilikuwa mahali pake. Akaifungua propela nzima, akaiegemeza ukutani, akaweka fowili, gia inayotia nguvu magurudumu ya mbele pia, na kuliendesha gari kwa magurudumu ya mbele peke yake. Liliteleza kwenye barabara ile kama limewekewa sabuni.

"Haya," alisema Sikio peke yake ndani ya gari. "Umeridhika sasa?"

Kilichobaki kilikuwa ni kuthibitisha. Alirudisha propela, akachukua kipimo cha pembe, akakibandika kwenye giaboksi, kisha kwenye propela, kisha kwenye uso wa difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma. Giaboksi na difu vinatakiwa kuelekeana kwa mlalo mmoja, ili kile ambacho krosi moja inakiharibu katika mzunguko, nyingine ikirekebishe. Hapa giaboksi ilikuwa ikitazama nyuma kwa adabu, na difu imeinamisha uso chini kama mtu aliyefumaniwa. Springi zile ndefu zilikuwa zimeipindua ekseli. Zawadi ilikuwa na kosa.

Sikio alikaa juu ya tairi akafikiri. Njia ya kwanza ilikuwa rahisi: kung'oa zile springi, kurudisha za zamani zilizokuwa zimelala stoo nyumbani, kisha kurudi nyumbani kumtazama mume usoni. Njia ya pili ilikuwa kutengeneza kabari za chuma, kuzibana kati ya springi na ekseli, mpaka difu iinue uso wake na pembe zilingane. Hiyo ilikuwa kazi ya kutoa jasho. Aliichagua hiyo. Alikwenda kwa mtu wa kerezo akachongewa kabari, akazifunga, akapima, akazifungua kwa kuwa hazikutosha, akachongesha nyingine, akafunga tena. Alipolitoa gari barabarani halikutoa hata mnong'ono. Alirudi akiimba. Alikuwa ameokoa gari, zawadi, mume na ukwe kwa mkupuo mmoja, na hakuna ambaye angejua.

Mama mkwe alipokuja kulichukua, Sikio alimwendesha mwenyewe hadi kwenye ile barabara ya vumbi. Akakoleza. Mama mkwe alikuwa amekaa wima, mikono magotini, anasikiliza kama anayetafuta mapigo ya mtoto tumboni.

"Limepona?"

"Limepona, mama."

"Kabisa?"

"Kabisa kabisa."

"Hata kamtetemo kadogo? Mimi kama nakasikia."

"Hayo ni mawe ya barabara, mama."

"Na springi?"

"Springi hazitolewi!" alisema Sikio kwa ushindi. "Nimezitafutia dawa. Utakaa nazo mpaka gari life."

Mama mkwe aligeukia dirishani. Akauliza taratibu, "Mwanangu, huwezi kuurudisha?"

"Kurudisha nini?"

"Ule mtetemeko."

Sikio alikanyaga breki, gari likasimama katikati ya vumbi lake lenyewe.

"Nina goti bovu," alisema mama mkwe. "Limekuwa bovu tangu kabla sijastaafu. Kupanda gari hili kwangu ni kama kupanda ghorofa lisilo na ngazi. Juzi mjamzito mmoja ndiye aliyenisukuma kwa nyuma ili niingie. Mjamzito, mwanangu! Mimi niliyekwenda kumsaidia! Lilipoanza kutetemeka nilishukuru. Nikasema, sasa fundi mwenyewe atasema zitolewe, na hakuna atakayeumia."

"Si ungesema tu?"

"Nimeshawatoa wanaume wazima nje ya chumba cha uzazi kwa kuwafokea. Lakini huyu mmoja, akinitazama na ile kamera yake anafurahi, ulimi unakufa ganzi."

Sikio alitaka kucheka, akajikuta hana nguvu. Ile kazi aliyoitolea jasho kuliko zote mwaka ule ilikuwa imefanywa dhidi ya mteja wake. Na juu ya hayo, heshima yake ilikataa katakata kulitia gari zima ugonjwa.

Walirudi gereji. Mpiga picha alikuwa ameshafika, shati jeupe, kamera shingoni. Mkewe alikuwa amempigia simu mchana, alipokuwa bado na furaha.

"Nilijua si springi!" alisema akimkumbatia mkewe. "Mama, shuka, halafu panda tena. Nataka nikupige ukiwa unapanda, mguu mmoja juu, unanitazama."

Sikio alifungua kinywa. Mama mkwe akamkonyeza anyamaze, akashuka kwa kukishikilia kiti, akageuka, akaweka mguu mmoja juu. Uso wake ukatabasamu. Mguu uliobaki chini ukakataa. Alijivuta mara moja, akajivuta tena, akaning'inia mlangoni kama koti kwenye msumari, na tabasamu bado likiwa palepale, limeganda.

Kamera ilipiga mara kadhaa. Kisha ikaacha. Mwanawe aliishusha taratibu, akaenda akamshika mama yake kiunoni na kumrudisha chini.

"Mama, huwa unapandaje?"

Mama mkwe alionyesha kistuli nyuma ya kiti.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile."

"Siku ile ulilia kwa furaha."

"Nililia, mwanangu," alisema mama mkwe.

Mpiga picha alimgeukia mkewe. "Na wewe ulijua?"

"Nilijua springi ndizo zinazotetemesha, nikakuficha. La goti nimelisikia leo, barabarani."

Mpiga picha alinuna. Alikwenda akasimama getini, akiwapa mgongo, akiwasha simu na kuizima. Wanawake wawili walikaa juu ya matairi wakimsubiri, kama watu wanaosubiri mvua ipite. Aliporudi alikuwa amekunja mikono ya shati.

"Nati gani ya kwanza?" alimuuliza mkewe.

Kazi ilimchukua muda mrefu kuliko ambavyo ingemchukua mtu yeyote. Aliifungua kila nati mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akajigonga kidole, akatukana springi kwa sauti ya chini ili mama asisikie, naye mama, aliyekuwa amesikia maneno makali zaidi wodini, akajifanya kiziwi. Sikio alimwelekeza akiwa amechutama pembeni. Springi za zamani zililetwa kutoka stoo, kabari zikatolewa, gari likashuka kidogo kidogo juu ya jeki mpaka mlango ukafika kimo cha binadamu.

Sikio alimwambia mama mkwe asubiri, maana alitaka kwanza kupima pembe na kwenda nalo barabarani. Lakini alipogeuka kuchukua kipimo alisikia mlango ukifungwa. Mama mkwe alikuwa ameshaingia, bila kushikwa, bila kusukumwa, na injini inaunguruma.

"Mama! Bado sijalijaribu!"

"Nitalijaribu mimi!" alijibu, akatia gia, akatoka getini huku kiwiko chake kiko nje ya dirisha.

Mpiga picha alikuwa bado amelala pembeni, mgongo kwenye sakafu, shati halitambuliki. Aliinua kichwa. "Vipi, linatetemeka?"

Sikio alisikiliza mpaka gari likakata kona.

"Halitetemeki," alisema, "ila huyo dereva anakimbiza gari mno."