Siku ya Kukabidhi Sauti

Kikao cha kupanga shughuli za vijana kilifanyika Jumamosi mchana katika ukumbi wa jamii, kwenye viti vya plastiki vilivyopangwa duara, feni ikizunguka kivivu juu ya vichwa vyao. Mlezi wa kikundi, fundi cherehani aliyekuja moja kwa moja kutoka kazini na uzi wa bluu ukining'inia kwenye mkono wa blauzi, alikuwa amepakata kitabu kilichowakutanisha. Kilikuwa kimepita mikono mingi hata kimepoteza jalada. Kila kijana alikuwa amekisoma, na wachache ambao hawakukisoma walikuwa wamesimuliwa vya kutosha kubishana kwa nguvu kuliko wenzao.

Kitabu kilihusu mji ambao kila mtu akishakua huikabidhi sauti yake kwa watawala. Sauti hutunzwa ghalani, na mwenyewe huazimwa siku za sikukuu tu, akaimbe wimbo wa mji na kuirudisha kabla jua halijazama. Vijana walikipenda kupita kiasi. Kwenye shughuli za mwaka uliopita walikuwa wamekimbia na magunia miguuni, na hakuna aliyetaka kuliona gunia tena.

"Tufanye kama kilivyo, neno kwa neno," alisema msichana waliyemwita Redio, kwa sababu hazimiki. "Tukabidhi sauti kweli kweli, si kuigiza."

"Yako itatoshea wapi?" aliuliza Goli, kijana mrefu aliyewahi kujifunga mwenyewe kwenye fainali na kubaki na jina hilo. "Tutaazima pipa."

"Afadhali pipa lililojaa, wewe debe tupu."

Mlezi aliwaacha wacheke, kisha akapanga. Asubuhi, kukabidhi sauti. Baada ya hapo, mpira wa kimya uwanjani, chemshabongo ya maandishi na chai ya kimya. Mwisho, kama sura ya mwisho ya kitabu, kuvunja ghala na kurudishiana. Kila mtu aje na chupa ya chai, ile ya kutunza joto. Kitabuni walitumia mitungi ya kioo, lakini Mlezi aliona sauti itapoa mle, na sauti iliyopoa haifai kurudishiwa mtu.

Mwenyekiti wa kamati ya ukumbi alikuwa ameketi pembeni na soda yake. Alikuwa mzee mwenye nywele nyeupe zilizochanwa vizuri, na vijana walimpenda kwa sababu hakuwahi kuwanyima kitu.

"Mpango mzuri," alisema. "Ilimradi msilete siasa."

Jioni Mlezi alimweleza mama yake mpango wote, huku akimsaidia kukunja nguo. Mama alisikiliza, akagonga meza mara moja. Kugonga mara moja kulikuwa ndiyo, mara mbili hapana, na kukwaruza ubao kwa ukucha kulikuwa usinichokoze. Kwa lugha hiyo alimlea binti yake. Hakuwa na sauti tangu kabla binti hajazaliwa, na Mlezi alijifunza kuongea kwa majirani, ndiyo maana mpaka leo alikuwa na kicheko cha mama wa nyumba ya tatu.

Jinsi sauti ilivyopotea ilijulikana na mtaa mzima. Akiwa msichana, mama huyo alikwenda siku moja kwenye jengo hilohilo la ukumbi, wakati huo likiwa bado ofisi ambako watu waliitwa kuhojiwa, akauliza kitu, na akarudi bila sauti. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, ila hawakusema kama ni bure. Aliuliza nini, hakuna aliyejua. Kuandika hakuwahi kufundishwa, na kwa kugonga meza mtu atakubali na kukataa, lakini hatasimulia. Mlezi alikuwa na haja moja tu tangu utotoni, kumsikia mama yake akimwita kwa jina. Hakuwahi kuitaja, kwa kuwa aliona ingekuwa kumsimanga.

Siku yenyewe Goli alitundika kitambaa ukutani chenye maneno *Kimya kingi kina mshindo mkuu*, na vijana wakapanga foleni mbele ya meza, kila mtu na chupa yake. Mama wa Mlezi alikuja kusimamia chai na kuwafundisha kugonga, kwani ndiye pekee mtaani mwenye uzoefu. Mwenyekiti alikaa meza kuu, mgeni rasmi.

Utaratibu ulikuwa mwepesi. Kijana alisogeza mdomo wa chupa, akasema sentensi moja aliyotaka sauti yake itunzwe nayo, kisha akakaza kizibo. Goli alitangulia. Alisema, "Mama, nimeshaoga," akafunga, akajaribu kukohoa na hakikutoka kitu. Akaridhika, akampisha mwenzake. Mmoja alisema sala. Mwingine, aliyejulikana kwa aibu, alilitamka jina la msichana fulani kwa ujasiri mkubwa, akafunga haraka na kwenda kukaa mbali. Kadiri foleni ilivyosogea ndivyo ukumbi ulivyonyamaza, mpaka feni ikasikika ikikwaruza na maji ya chai yakasikika yakianza kuchemka.

Chupa ya Redio ndiyo iliyoleta kasoro. Ilikuwa na ufa ndani. Alipoifunga, sauti ikaanza kuchuruzika pembeni ya kizibo, "halafu... ngoja kwanza... hata sijamaliza...," na kila ilipomdondokea mkononi aliifuta kwa kitambaa. Mlezi, ambaye alikuwa bado hajakabidhi yake ili aongoze shughuli, alimwendea Mwenyekiti kumwomba ufunguo wa stoo.

"Humo zimo nyingi, mwanangu," alisema Mwenyekiti, akimkabidhi. "Chukua zile za zamani. Za siku hizi hazishiki joto."

Stoo ilikuwa imejaa viti vilivyovunjika. Nyuma ya viti, kwenye rafu, chini ya pazia lililofifia, kulikuwa na safu ya chupa za chai tangu ukuta hadi ukuta. Mlezi alizipitishia kiganja ili kufuta vumbi, na zote zilikuwa na joto. Alichagua moja iliyochorwa jogoo mwekundu. Ilikuwa nzito kuliko alivyotarajia.

Redio aliipokea na kukifungua kizibo. Moshi mwembamba ukatoka, na sauti ya msichana ikasema:

"Kaka yangu aliingia kwa mlango huu asubuhi. Nimesimama nje juani tangu hapo na hajatoka. Nionyesheni alipo."

Redio alikuwa binti mwenye adabu licha ya mdomo wake, akaifunga chupa ya watu upesi. Kwenye meza ya chai, mama wa Mlezi aliweka chini sufuria. Akagonga meza mara moja.

Mlezi hakuwahi kuisikia sauti hiyo hata siku moja, na aliijua hapohapo. Ilikuwa na pigo lilelile la kidole kwenye ubao lililomwamsha asubuhi zote za utoto wake. Kilichomshangaza ni kimoja tu, kwamba ilikuwa changa. Mwenye sauti ile angeweza kuwa mdogo wake, angeweza kuwa mmoja wa vijana wa kikundi.

Mlezi akachukua kikombe kikubwa, akakisuuza, akaimimina sauti humo. Ilitoka taratibu, ikitoa mvuke. Akakibeba kwa mikono miwili katikati ya ukumbi, vijana wakarudisha miguu ndani ili asijikwae. Mama alipuliza kwanza, kama apulizavyo chai yoyote, akanywa mpaka mwisho bila kupumzika, akajifuta mdomo kwa upindo wa kanga.

Kisha akamwita binti yake kwa jina. Lilikuwa jina lililochaguliwa na majirani, naye wakati huo alilikubali kwa kugonga mara moja. Sasa alilisema polepole, akalirudia, akaligeuza mdomoni kama mtu anayeonja chumvi. Mlezi aliitika, "Abee, mama," na machozi yakamtoka bila kujificha. Vijana ambao kwa kawaida hawakuweza kukaa kimya hata kwenye mazishi walikaa wima, mikono magotini, na ukumbi ukawa mkubwa kuliko ulivyokuwa asubuhi.

Mama akageukia meza kuu.

"Kaka yangu yuko wapi?"

Mwenyekiti aliweka kikombe chake kwenye kisahani. "Ah, dada yangu, kumbe ni wewe," alisema kwa furaha ya kweli. "Umezeeka, lakini sauti haijazeeka hata kidogo. Si nilisema? Zile chupa ni imara."

"Aliingia kwa mlango huu. Wewe ndiye uliyekuwa mapokezi."

"Ndiyo, nilikuwa mapokezi. Mtu anakuja anauliza, naambiwa mpe chai, nampa chai. Anaacha sauti, anakwenda zake. Ya ndani yalikuwa ya watu wa ndani, na hao wameshakufa. Mambo ya zamani hayo, dada yangu." Akatazama saa yake. "Mlezi, ratiba inasemaje? Tusiwacheleweshe vijana."

Goli alikuwa wa kwanza. Aligonga kiti chake mara mbili. Redio akagonga ukuta mara mbili. Kisha wote wakagonga, viti, sakafu, madirisha, hapana, hapana, mpaka vikombe vikacheza mezani. Mwenyekiti alidhani ni makofi ya kitabuni. Akainuka, akainamisha kichwa kushukuru, akaketi.

Hakuna aliyetaka tena mpira wala chemshabongo. Kilichobaki kwenye ratiba kilikuwa kuvunja ghala. Walikuwa wamepanga kutumia maboksi badala ya ghala. Redio alikichukua kitabu, akakifungua sura ya mwisho, akaweka kidole kwenye mstari, kisha akamwonyesha Mlezi mlango wa stoo. Mlezi akamtazama Mwenyekiti.

"Fungueni tu," alisema Mwenyekiti. "Chupa ni mali ya ukumbi, ukumbi ni wenu."

Wakazitoa zote na kuzipanga sakafuni, wakazifungua moja moja. Sauti ya mzee iliuliza lini atarudishiwa mashine yake ya kuchapa. Mwanamke aliuliza habari za mwanawe, kisha akasema kama mwana hayupo basi apewe hata viatu vyake. Mtu mwingine alitaka tu kujua kosa lake. Wenye sauti hizo walikuwa wameshakufa au wamehama, hivyo hazikuwa na vinywa vya kurudi. Zilipanda na mvuke hadi kwenye mbao za paa, zikakaa huko, na feni ilipopita chini yake zilitikisika na kuuliza tena. Vijana walilala chali sakafuni wazitazame vizuri. Hakuna kitu kilichoonekana, lakini walitazama, na Goli aliyavua mabuti yake ya kuchezea mpira na kuyaweka kando, kama mtu aliyeingia mahali pa ibada.

Chupa ya mwisho ilikuwa ndogo, isiyo na mchoro, na hii Mama aliifungua mwenyewe. Sauti iliyotoka ilikuwa ya kijana, yenye uchangamfu na haraka kidogo, sauti ya mtu anayepaza kutoka chumba cha ndani ili asikike hadi nje.

"Dada, usisimame juani. Kaa kivulini. Natoka sasa hivi."

Mama alisubiri, labda kuna zaidi. Hakukuwa na zaidi. Sauti ikapanda paani pamoja na nyingine.

"Aliniita," alimwambia binti yake. "Siku ile aliniita. Sikumsikia."

Mlezi alimshika mkono. Baadaye vijana wakanywa sauti zao, Redio, aliyekuwa amehamishia yake kwenye ile chupa ya jogoo, akaongea bila kukata mpaka wenzake wakamwomba arudi kwenye chupa, zawadi zikagawiwa wote, na Mwenyekiti akapiga picha nao.

Ukumbi unaendelea kutumika. Wakati wa harusi muziki huzifunika zile sauti, na kwenye mikutano wazungumzaji hungoja kidogo feni ipite. Kamati imezungumzia kuweka dari, ila bado haijaamua. Vijana walikutana tena kupanga shughuli zinazofuata, wakashindwa kukubaliana kitabu gani, na Mwenyekiti, ambaye bado ni mwenyekiti, akawanunulia soda.

Mama haingii ndani tena. Hufika kila Jumamosi mapema, huchukua kiti cha plastiki na kukiweka ubavuni mwa mlango, mahali penye kivuli, kama alivyoambiwa. Mama humtazama usoni kila atokaye. Mwenyekiti humwamkia kwa heshima na kumtumia kikombe cha chai, naye huuliza swali lake kwa sauti ile ya usichana, na Mwenyekiti hujibu kwamba jua leo ni kali. Kikombe hubaki chini ya kiti mpaka kipoe.

Kikao kikiisha, Mlezi hutoka na kiti chake, akaketi kando ya mama yake. Jua likihama, wote wawili husogeza viti, wakakifuata kivuli.