Bibi Akataa Watu Wanne

Mwezi ule wa Januari bibi yangu Nirupoma alikuwa na haja moja tu duniani: kushuka Majuli, kisiwani alikozaliwa, amwone mdogo wake Makhoni. Walikuwa hawajaonana miaka saba. Tangu Bibi avunjike nyonga na kuanza kutembelea kiti cha magurudumu, feri ya kawaida ilikuwa haifikiriki. Pale mtu hapandi, anaruka, akigombea nafasi na pikipiki na mbuzi. Bibi Makhoni naye macho yamekwisha, hatoki kisiwani. Basi baba akatukatia tiketi mimi na Bibi kwenye meli ndogo ya watalii inayopanda mto Brahmaputra na kutua Majuli kwa muda wa saa tatu. Tangazo lao lilisema meli inafaa kwa abiria wote. Nimekaa shule ya bweni miaka minne na ahadi za namna hiyo nazijua. Hata ratiba yetu ya chakula huandikwa “nyama”, na nyama yenyewe hatuioni.

Mto wetu hauna gati. Kila masika hula ukingo huku na kutapika mchanga kule, kwa hiyo meli hufungwa popote penye kina, na baharia mmoja huruka na sepeto kuchimba ngazi ukingoni. Wa kwetu aliitwa Dimbeswar. Asubuhi ile alichimba vidato kumi na vinne, vimenyooka kama meno ya bandia, akasimama kando kusubiri sifa.

Meneja wa meli, Bwana Phukan, alikuwa mtu wa heshima, na heshima ndiyo iliyomponza. Alichukua kiti, akakifunga kwenye mianzi miwili mirefu. Akatandika juu yake kitambaa cheupe chenye pindo jekundu, kama afanyiwavyo mgeni mkubwa. Akazungushia maua ya manjano. Kisha akapanga mabaharia wanne, wawili mbele, wawili nyuma, peku, vichwa wameinamisha.

Bibi alikitazama kitu kile kwa muda mrefu, akitafuna tambuu.

“Mbona hamjawasha ubani?” akauliza.

Bwana Phukan akapauka. Kwetu, anayetoka nyumbani mabegani mwa watu wanne, na nguo nyeupe na maua, harudi kula chakula cha mchana.

“Mama, samahani! Tulitaka kukuenzi tu.”

“Umenienzi mpaka umenizika, mwanangu. Wanne watanibeba siku yangu ikifika, na siku hiyo sitabishana. Leo nina miadi. Nitakwenda na magurudumu yangu.”

“Hayapiti, mama.”

“Basi tukae.”

Juu ya ukingo, Bibi Makhoni alikuwa ameshikwa mkono na jirani yake. “Dada!” akaita. “Umeshashuka?”

“Bado! Wananizika kwanza!”

Saa nzima ikapita hivyo, dada wawili wakipigiana kelele juu ya maji. Nikamwendea Bwana Phukan, mikono nyuma, kwa sauti ninayomtengea mwalimu mkuu pale moshi unapoonekana bwenini.

“Bwana meneja, kwa mujibu wa kanuni ya kumi na saba ya usalama wa abiria, kiti cha magurudumu hakikataliwi kabla mkuu wa chombo hajakijaribu yeye mwenyewe.”

“Kanuni ya kumi na saba?”

“Kifungu cha pili.”

Niliitunga papo hapo, na kile kifungu kilinifurahisha hasa. Lakini mtu aliyetoka kutandika sanda kwa bahati mbaya hana nguvu ya kubishana. Tukamhamishia Bibi kwenye benchi, Bwana Phukan akaketi kwenye kiti chake cha magurudumu, nami nikasukuma.

Kizingiti cha mlango wa sitaha, shubiri nzima, kilitusimamisha ghafla. Nusura ashuke kwa pua. Dimbeswar akatuinua. Ubao wa kushukia ulikuwa mwembamba kuliko kiti. Tulipofika katikati, gurudumu moja lilining'inia juu ya mto, na Bwana Phukan akaacha kupumua. Akavitazama vile vidato kumi na vinne.

“Dimbeswar,” akasema polepole, “leo umechimba ngazi ndefu.”

“Ndizo zile zile za kila siku, bosi.”

Akaniambia bila kugeuka, “Hiyo kanuni yako, binti, sijaiona kwenye kitabu chochote.”

“Ni mpya, bwana.”

“Iandike. Nitaitia saini.” Akapaza sauti: “Dimbeswar, vunja ngazi. Chimba mteremko.”

Dimbeswar alimtazama kama aliyeambiwa amuuze mama yake. “Miaka kumi na miwili nachimba ngazi, bosi. Hakuna mgeni aliyewahi kulalamika.”

“Waliobaki melini ungewasikia wapi, baba?” Bibi akasema kutoka kwenye benchi.

Dimbeswar alivunja kidato cha kwanza taratibu, vingine kwa hasira, akachimba njia ndefu ya kukata upande. Wenzake wakaunganisha mbao mbili za kushukia na kuegemeza vipande vya mbao kwenye kizingiti. Bibi akavuka maji salama. Halafu mchanga ukameza magurudumu ya mbele.

“Kimya cha nini?” akauliza Bibi Makhoni.

“Mchanga, shangazi,” akajibu jirani yake. “Kiti kimezama.”

“Si mlete kuta!”

Majuli nyumba hazijengwi za kudumu; mto ukisogea, watu hufungua kuta za mianzi iliyosukwa na kuhama nazo. Majirani wakakimbia, wakafungua kuta mbili za jiko lake, wakazitandaza juu ya mteremko. Bibi akapanda, mimi nikisukuma, Dimbeswar akirudi kinyumenyume mbele yetu na mikono ameitanua kama anayefukuza kuku. Nyuma yetu akashuka jaji mstaafu wa Kolkata, mwenye mkongojo, ambaye kila kituo alibaki melini akidai hapendi mchanga.

Zilibaki dakika arobaini meli iondoke. Bibi Makhoni alipapasa magurudumu, magoti, kisha uso wa dada yake, akaushika kwa mikono miwili asiuachie.

“Umenenepa,” akasema.

“Na wewe umebomoa jiko.”

“Jiko litajengwa upya kesho. Nina mengi ya kukusimulia. Sogea.”